Mwizi Aliyerudisha Dawa

Mwezi huu sikuja na habari za mitihani wala za uhaba wa madaftari. Nataka niwasimulie juu ya sinema moja niliyoionyesha darasani, na mambo iliyoniletea mpaka nikakosa usingizi. Naiandika hapa kwa sababu naona jambo lenyewe si langu peke yangu. Ni la kila nyumba yenye kijana.

Siku ya Ijumaa baada ya vipindi, sisi walimu wa kujitolea tunaazimwa kompyuta na projekta. Wanafunzi wangu wa sekondari wanapenda sinema za mapigano, na mimi nafundisha Kiingereza. Basi tumekubaliana hivi: wao wanaangalia, mimi nasimamisha kila baada ya dakika chache na kutafsiri, nao wanaandika maneno mapya. Rafiki yangu mmoja alikuwa na flashi yenye tamthilia ya Marekani inayoitwa Firefly. Ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya kwao Septemba 2002. Vilitengenezwa vipande 14, lakini ilipofika Desemba ya mwaka huohuo ikakatishwa, vikiwa vimeonyeshwa 11 tu. Walioipenda hawakukubali ife hivihivi. Walizinunua DVD zake kwa wingi, na mwaka 2005 ikatoka sinema nzima ya kuendeleza hadithi, jina lake Serenity.

Ni sinema ya kauboi, ila kauboi wa angani. Kuna farasi na bastola na vumbi, halafu kuna na vyombo vya kuruka kutoka sayari moja hadi nyingine. Mambo yanatokea miaka kama 500 mbele yetu. Dunia hii imechakaa, haiwatoshi watu tena, na wote wameihama. Yaani kwa maneno mengine wanadamu wote wa humo ni wakimbizi, hata matajiri! Lakini hawakufikia mahali pamoja. Sayari za katikati zina taa, hospitali na serikali kuu yenye nguvu inayoitwa Alliance. Za pembeni, huko mpakani, watu walishushwa na mablanketi, mashoka na pengine mifugo kidogo, wakaambiwa waishi.

Nilipotafsiri hapo darasa lilicheka sana. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, hata turubai hawakupewa? Hata sufuria?" Nikasema sikusikia habari ya sufuria. Akasema, "Basi sisi tuna nafuu."

Nahodha wa chombo ni mtu anayeitwa Malcolm Reynolds, kwa kifupi Mal. Alipigana vita vya kuipinga Alliance, akashindwa. Walishindwa vibaya kwenye bonde linaloitwa Serenity, na chombo chake akakipa jina la bonde hilo. Wanafunzi hawakuelewa kwa nini mtu aite nyumba yake kwa jina la mahali aliposhindwa. Mimi nilielewa, kwa sababu hapa kambini nawajua wazazi waliowapa watoto majina ya vijiji vilivyochomwa. Ndani ya chombo wako watu 9: mwanamke aliyepigana naye vitani, mume wa huyo mwanamke ambaye ndiye rubani, fundi wa mashine, mtu wa bunduki anayependa pesa, mchungaji wa dini, mwanamke mmoja wa heshima aliyepanga chumba humo, na daktari kijana aliyemtorosha dada yake kwenye mikono ya serikali. Wanaishi kwa magendo na kwa wizi. Wanaongea Kiingereza, wakikasirika wanatukana Kichina. Hilo nalo liliwafurahisha wanafunzi, maana sisi wenyewe tunaanza sentensi kwa Kiswahili, tunaimalizia kwa Kibembe au Kifuliiru, na hesabu tunazipiga kwa Kifaransa.

Sasa nikapata shida ya neno. Kiingereza wana neno moja la mtu aliye nje ya sheria, na kwao neno hilo lina utamu kidogo, kama la shujaa wa hadithi. Mimi nilitafuta la Kiswahili. Niseme majambazi? Darasa likanyamaza. Niseme waasi? Darasa likanyamaza zaidi. Kila neno nililoligusa lilikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa amepita nyumbani kwa mmojawapo wa wale watoto. Mwishowe nikasema tu "watu wa Mal", tukaendelea.

Kipande tulichoangalia siku hiyo kinahusu wizi ndani ya treni. Mal anapewa kazi na tajiri mkatili. Huyo tajiri anamwonyesha kwanza maiti ya mtu aliyemteswa, ili ajue anafanya kazi na nani. Kazi yenyewe ni kuiba masanduku mawili kwenye treni, na hawaambiwi kilichomo. Wizi unafanikiwa, masanduku yanavutwa juu mpaka kwenye chombo, ila Mal na yule mwanamke wa vitani wanabaki chini, wanashushwa pamoja na abiria kwenye mji wa machimbo. Humo wanakuta watu wanakohoa, wamekonda, wazazi na watoto. Mkuu wa polisi wa mji anawaeleza: hewa ya machimbo imewapa ugonjwa wa mifupa na misuli, wanahitaji dawa kila wakati, na dawa za mji mzima zilikuwa ndani ya yale masanduku yaliyoibwa.

Kwenye treni hiyohiyo walikuwemo askari wa Alliance wenye silaha nzuri. Mkubwa wao alipopelekewa habari ya dawa zilizoibwa, akaona hilo ni jambo dogo la wenyeji, akaagiza askari waendelee na safari yao.

Mal akiisha kuokolewa na yule mwanamke wa heshima, anaamua kurudisha dawa. Anajua yule tajiri atamwinda. Kabla hajarudi, mtu wake wa bunduki alitaka wapeleke mzigo wapate malipo, mpaka daktari akamlaza kwa dawa ya usingizi. Wanazipakia, wanazipeleka usiku, na njiani wanakutana na mkuu wa polisi amewasubiri. Anajua sasa kwamba ndio wezi. Wanamwambia hawakujua wamechukua nini. Yeye anasema mtu akishajua hali ya watu wale, amebakiwa na uamuzi. Mal anajibu kwamba yeye haoni kama kuna uamuzi hapo. Mkuu wa polisi anawaacha waende.

Wanafunzi walipiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini kipande hakijaisha. Mal anataka na pesa za tajiri zirudishwe, kusiwe na deni. Wamemkamata mtu mkubwa wa huyo tajiri, amefungwa mikono. Mtu huyo anakataa pesa, anaapa atamwinda Mal mpaka amuue. Basi Mal anampiga teke, anamwingiza kwenye injini inayozunguka. Kisha wanaletewa mwingine, anakubali haraka sana. Imetengenezwa ili watu wacheke, na kweli darasa lilicheka. Mimi nikazima projekta.

Mvulana mmoja mwenye miaka 16, anayekaa dawati la nyuma, akasimama. Ni mwanafunzi mzuri, sitamtaja. Akasema, "Mwalimu, ona. Batu kama hawa ndio wanatakiwa kule kwetu. Serikali haiji. Askari wanapita na treni yao. Ni vijana wenyewe ndio watalinda mama zao." Darasa likamwitikia. Baadaye nje ya darasa akaniambia taratibu kwamba binamu yake amemtumia ujumbe. Kuna nafasi. Mtu akivuka ziwa atapokelewa.

Ndugu wasomaji, nilitakiwa kumjibu palepale, sikumjibu. Nilimwambia tutaongea Jumatatu. Nilikwenda nyumbani, nikakaa.

Niseme kwa nini. Mimi nina kaka ambaye simjui. Vita ilipoanza mwaka 1998 nilikuwa mtoto mchanga, yeye alikuwa na miaka 15. Kijiji chetu kiko upande wa Fizi. Vijana walijikusanya kulinda kijiji, na kaka yangu akaingia. Mama anasema mwanzoni ilikuwa kweli. Wavamizi walikuja mara mbili, vijana wakawazuia mara mbili, akina mama wakaweza kufika shambani kung'oa muhogo. Kijiji kiliwapenda. Waliwapelekea unga na samaki, mzee mmoja alitoa mbuzi. Hakuna aliyelazimishwa.

Mwaka wa pili hawakusubiri kupelekewa, walikuja kuchukua. Wakasema, sisi tunakufa kwa ajili yenu, ninyi mnaficha mbuzi? Halafu wakaweka bariyeri barabarani. Kila anayekwenda sokoni atoe kitu. Mwaka 2000 Mama alipoamua kukimbilia ziwani, mimi nikiwa mgongoni, alifika kwenye bariyeri hiyo jioni. Aliyeshika kamba ya bariyeri alikuwa mwanae. Mama alikuwa na kuku mmoja na shuka. Mkubwa wao alikuwa amekaa pembeni anaangalia. Kaka yangu hakuinua macho. Alisema, "Mama, uache kuku." Mama akaacha kuku. Hajamwona tena mpaka leo.

Hadithi hiyo nimeisikia labda mara tatu maishani, maana Mama haisemi hovyo. Kila nikiifikiria huwa nasikia lile neno "Mama". Nafikiri hakulisema kama mtoto anavyomwita mzazi wake. Alilisema kama wanavyomwambia mama yeyote anayepita njiani.

Kwa hiyo usiku ule nilijiuliza: Mal na kaka yangu wametofautiana wapi? Wote waliona serikali haiji. Wote walikuwa nje ya sheria. Wote walikuwa na ujasiri. Sinema inampenda Mal kwa sababu imeandikwa impende, lakini hata mimi nampenda, na nilitaka kujua kwa nini.

Niliona jambo moja ni hili: Mal alirudisha. Hakuwauzia wale wagonjwa dawa zao. Hakuwaambia, nimewaokolea dawa, sasa mnilipe kila mwezi. Na la pili, akaondoka. Hakukaa kwenye ule mji kuwa mkubwa wao.

Jambo hili la kuondoka si la tamthilia hii peke yake, hadithi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1954 Mjapani Akira Kurosawa alitengeneza sinema ya wakulima wanaoporwa mavuno na majambazi. Wanakwenda kutafuta mashujaa wa upanga wawalinde, na malipo yao ni chakula tu. Wanapatikana 7. Wanashinda, lakini 4 wanakufa, na mwisho wale 3 waliobaki wanasimama karibu na makaburi huku wakulima wanapanda mpunga na kuimba. Mkubwa wao anasema ushindi ni wa wakulima, si wao. Wamarekani waliichukua hadithi hiyo mwaka 1960 wakaifanya ya makauboi, na mwaka 1980 ikatolewa nyingine ya namna hiyo, vita vikapelekwa angani. Ndani ya ile ya Kijapani kuna mahali ambapo wale watu wa upanga wanagundua kwamba wakulima waliwahi kuwaua wapiganaji wenzao waliokuwa wakikimbia, wakaficha silaha zao. Wanakasirika. Mmoja wao, ambaye mwenyewe ni mtoto wa mkulima, anawafokea wenzake: ndiyo, wakulima ni waongo na wanaficha chakula, lakini nani aliwafanya hivyo? Ni ninyi, mliochoma vijiji vyao na kuchukua chakula na wanawake wao. Niliposikia hivyo nilimkumbuka yule mzee aliyetoa mbuzi wa kwanza kwa moyo, na wa pili akamficha.

Halafu kuna la tatu, na hili ni gumu. Katika ile sinema ya mwaka 2005, serikali inawawinda watu wa Mal kwa sababu ya yule binti aliyetoroshwa. Yule mchungaji ameshahama chombo, anaishi kwenye kijiji cha machimbo ambako wenyeji wanawapokea akina Mal wakija. Anayewawinda anaamua kupiga kila mahali palipowahi kuwapa hifadhi. Wanaporudi wanakuta kijiji kinaungua, watoto wamekufa, mchungaji anakata roho. Wanakijiji hawakuwa wamefanya vita na mtu. Waliwapa wageni mahali pa kulala. Kati yetu wapo wanaolijua hili bila sinema: aliyewalaza vijana wa bunduki usiku, asubuhi wenye bunduki nyingine walimfuata yeye, si wao. Hata mlinzi mwema huleta vita mpaka mlangoni, na yeye ana chombo cha kurukia. Mwenye nyumba hana.

Na yule mtu wa injini? Kwa kweli pale nilizima kwa sababu sikuwa na la kuwaambia wanafunzi. Alikuwa mtu mbaya, angemwinda Mal. Lakini alikuwa amefungwa. Nikawaza kwamba pengine kaka yangu naye kuna siku alimpiga teke mtu aliyefungwa, wenzake wakacheka, na baada ya hapo kuchukua kuku wa mama yake halikuwa jambo kubwa tena. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Lakini nafikiri mtu anaanzia mahali.

Jumamosi nilimweleza Mama habari ya yule mvulana. Alikuwa anachambua maharage ya mgao. Hakusema kitu mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Jumatatu nitakuja."

Jumatatu alikuja na kitenge chake cha kanisani. Nilidhani ataongea na mvulana peke yake, akakataa, akasema wote wasikie. Alisimama mbele ya ubao. Mama hakusoma, na sikuwahi kumwona amesimama mbele ya darasa. Alisimulia ya bariyeri. Ilichukua dakika chache tu. Hakulia, wala hakumlaani kaka yangu. Alisema mwanawe hakuwa mtoto mbaya, alikuwa ndiye anayemchotea maji.

Yule mvulana akasema kwa heshima, "Mama, mimi sitafanya hivyo."

Mama akamjibu, "Na yeye aliniambia hivyo, papa. Alisema, 'Mama, mimi ninakwenda kukulinda.' Na hakunidanganya. Siku ile aliposema, ilikuwa kweli."

Kisha akauliza swali ambalo mimi mwalimu sikulifikiria. Alisema, "Huyo wa sinema, bale batu wa dawa wangeweza kumwambia aende, naye angekwenda? Sisi hatukuweza kumwambia mtu aende. Mlinzi usiyeweza kumwambia aende, huyo ni bwana wako." Akachukua mfuko wake akatoka. Nilikuwa na somo la vitenzi siku hiyo, sikulifundisha.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kimekwisha. Yule mvulana hajasema lolote. Simu yake bado anayo, binamu yake bado yuko ng'ambo. Swali lake nalo halijajibiwa: ni kweli serikali haikuja, na ni kweli mama zetu walikuwa peke yao. Mtoto anayeuliza nani atawalinda watu wetu anauliza swali zuri, na sisi wakubwa tusimfokee kwa kuliuliza. Nikimwambia tu "bunduki ni mbaya", atanicheka, maana anajua kuna siku bunduki ilimwezesha mama kufika shambani. Ninachoweza ni kumpa habari nzima, na mwanzo wake mzuri na mwisho wake.

Ndiyo sababu ya kuandika. Wazazi wapendwa, watoto wetu wanapata hadithi za mashujaa kwenye simu, kwenye vibanda vya video, na kwa mabinamu. Za kwetu hawazipati, kwa sababu tumezifunga ndani. Tunasema hatutaki kuwaumiza. Nawaelewa, Mama naye alisema hivyo miaka yote. Lakini mtoto asiyeambiwa habari ya bariyeri ataiendea akidhani ni kazi ya heshima. Tuwaambie. Si lazima yote, si lazima kwa siku moja. Na tuwaambie pia ya wale waliolinda bila kuchukua: yule mvuvi aliyewavusha watu usiku bila nauli, yule jirani aliyewaficha watoto wa kabila jingine chini ya kitanda, mwenyeji wa kijiji cha ziwani aliyetoa uji kwa wasiowajua. Hao ndio watu wetu wa Mal, na wengine wao wanaishi kambini humu, wanapanga foleni ya maji pamoja nasi.

Kaka, kama uko hai, na kama gazeti hili litavuka maji likufikie kwa njia yoyote: Mama hakumbuki kuku. Anauliza kama unakula.

Mpaka naandika haya, dawati la nyuma lina mtu. Ijumaa hii wanafunzi wameomba tuangalie kipande kingine. Nimekubali, ila safari hii nimewaambia waje na wazazi.



Mwalimu wa kujitolea, sekondari